Sabuni ya Kalibu: Zawadi ya Sikukuu Itengenezwayo Nyumbani

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukaribiapo, watu wa Taita Taveta walio mbali na kwao huanza kufanya hesabu ya safari. Walio Mombasa na Nairobi hushuka Voi kwa gari la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, au kwa mabasi ya barabara kuu, kisha hutawanyika. Hawa hupanda milima ya Dabida kwenda Wundanyi, Mgange na Werugha, hawa huenda Sagalla, hawa Kasigau, na wengine hushika njia ya Mwatate na Bura mpaka Taveta. Huko waendako wapo wanaowangojea: bibi, mashangazi, wajomba, wakwe na watoto wengi. Haifai mtu kuingia mikono mitupu. Lakini nyuma ya Desemba iko Januari, na Januari huja na karo za shule, sare na vitabu. Ndipo mwenye busara hujiuliza: ni zawadi gani iwezayo kuwatosha watu wengi, isiyomaliza fedha, wala isiyomwaibisha mtoaji na mpokeaji?

Jibu moja ni sabuni iliyotengenezwa nyumbani na kumiminwa katika kalibu. Sabuni haikataliwi na mtu yeyote. Mzee huihitaji, mtoto mchanga huihitaji, na nyumba ya tajiri huimaliza kama ile ya maskini. Tena mtu akipewa kipande kilichofanywa kwa mikono ya nduguye, kikiwa na umbo zuri na harufu njema, hujua kwamba alikumbukwa muda mrefu kabla ya sikukuu. Lakini kazi hii ina masharti yake. Afanyaye kwa kubahatisha atapata sabuni ya kuchubua ngozi, au pengine ataleta msiba nyumbani mwake. Kwa hiyo yafaa kuieleza hatua kwa hatua.

ASILI YA SABUNI

Neno sabuni limetoka katika Kiarabu, na kazi yenyewe ni ya zamani mno katika nchi za mashariki ya bahari ya Mediteranea. Sabuni ya mji wa Aleppo, ambayo hutiwa mafuta ya mzeituni na ya mlaureli, na ile ya Nablus, itengenezwayo kwa mafuta ya mzeituni, zina sifa kubwa hata leo. Mwezi wa Desemba mwaka 2024, Shirika la UNESCO liliziandika kazi hizo mbili katika orodha zake za urithi wa wanadamu. Watu wa Nablus, pamoja na kuiuza sabuni yao, huitoa pia kuwa zawadi katika arusi na siku za kuzaliwa.

Sabuni hupatikana kwa kukutanisha vitu viwili: mafuta au shahamu kwa upande mmoja, na maji makali ya magadi au ya majivu kwa upande wa pili. Vikichanganyika kwa kadiri iliyo sawa, vyote viwili hugeuka: mafuta si mafuta tena, wala ukali si ukali tena, bali huwa sabuni, pamoja na kitu kiitwacho gliserini kinacholainisha ngozi. Hapo kale watu walichuja maji katika majivu ya kuni, wakayachemsha pamoja na shahamu. Sabuni ya namna hiyo huwa laini kama uji mzito, haishiki umbo. Sabuni ngumu ya kalibu yataka kostiki soda, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa za viwandani na baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi.

Hapa pana kosa moja la kuepukwa. Watu wengine hudhani kwamba magadi ya jikoni, yale yatokayo katika Ziwa Magadi, yaweza kushika mahali pa kostiki soda. La, hayawezi. Yote mawili ni jamaa moja, lakini nguvu zao hazilingani. Magadi ya jikoni yakichanganywa na mafuta kwa njia ielezwayo hapa hayataigeuza shahamu kuwa sabuni.

ONYO KABLA YA KAZI

Kostiki soda ni kitu cha hatari, wala hatari yake haionekani kwa macho. Ni nyeupe kama chumvi au sukari, na ikiyeyuka katika maji huonekana kama maji ya kunywa. Ikigusa ngozi yenye unyevu huunguza. Ikiruka machoni yaweza kupofusha. Mtoto akiimeza, huunguza koo na njia ya chakula, na kovu lake laweza kuiziba njia hiyo kiasi cha mtoto kushindwa kula kwa miaka mingi. Kwa hiyo sheria hizi hazina budi kushikwa na kila mtu:

Kwanza, kostiki soda isitiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji au ya mafuta ya kupikia. Ikae katika chombo chake chenye maandishi, mahali pa juu penye kufuli.

Pili, siku ya kazi watoto wawe mbali. Kazi ifanywe nje au penye madirisha wazi, na mfanyaji avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu.

Tatu, isitumiwe sufuria ya alumini. Sufuria nyingi za nyumba zetu ni za alumini, na kostiki soda huzila, huku ikitoa hewa inayoweza kushika moto. Vyombo vifaavyo ni vya chuma kisichoshika kutu, vya enameli isiyobanduka, au ndoo nzito ya plastiki iwezayo kustahimili joto. Vyombo hivyo, pamoja na mwiko wake wa mti, vitengwe kwa kazi ya sabuni peke yake, visirudi jikoni.

Nne, soda ndiyo itiwayo katika maji. Maji hayatiwi juu ya soda. Ukiyamimina maji juu ya soda, huchemka ghafula na kuruka.

Ikiwa ajali imetokea, ngozi au jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Asipakwe siki wala ndimu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana kile kilichounguza wakati wa kushuka kitaunguza tena wakati wa kupanda. Asukutue kinywa, kisha akimbizwe hospitali iliyo karibu, iwe ile ya Voi, ya Wesu juu milimani, au ya Taveta.

MAFUTA YAPATIKANAYO

Kaunti hii imebarikiwa, kwa kuwa iko kati ya pwani na bara. Mafuta ya nazi hupanda kutoka pwani, na shahamu ya ng'ombe hupatikana kwa wachinjaji wa Voi, Mwatate na Taveta, ambao pengine huitupa au kuiuza kwa bei ndogo. Mafuta ya nazi hufanya sabuni yenye povu jingi, lakini yakiwa peke yake hukausha ngozi. Shahamu hufanya sabuni ngumu isiyoisha upesi, lakini povu lake ni dogo. Yakiunganishwa, kila moja hutimiza upungufu wa mwenziwe.

Shahamu haina budi kusafishwa kwanza. Ikatwe vipande vidogo, ichemshwe polepole pamoja na maji na chumvi kidogo mpaka iyeyuke, ichujwe kwa kitambaa, kisha iachwe ipoe. Mafuta meupe yatagandamana juu, na uchafu utabaki chini pamoja na maji. Shahamu iliyosafishwa mara mbili haina harufu ya nyama.

Tena pana jambo la adabu. Voi na Taveta ni miji ya watu wa dini mbalimbali. Sabuni ya mafuta ya nguruwe haifai kupelekwa kwa jirani Mwislamu, wala ya shahamu ya ng'ombe haimpendezi jirani Mhindi. Mtu asiyejua mpokeaji wake ataamini nini afanye ya mafuta ya nazi na mafuta mengine ya mimea, akitafuta vipimo vyake vilivyo sawa. Na kwa vyovyote vile, aandike katika karatasi ya zawadi ni mafuta gani yaliyotumika. Zawadi isiyojulikana undani wake humweka mpokeaji katika mashaka.

MAJI YA VULI

Visima vingi vya nchi ya tambarare hutoa maji yenye chumvi. Kila mama aliyefua kwa maji ya namna hiyo ajua: sabuni huliwa bure, povu halipandi, na utando wa kijivu hubaki juu ya beseni. Sababu yake ni madini ya chokaa yaliyomo, ambayo huishika sabuni kabla haijafanya kazi. Maji hayo hayafai kutengenezea sabuni. Yafaa maji ya mvua, na kwa bahati njema mvua za vuli hunyesha Taita mwezi wa Novemba, wakati uleule ambao kazi ya sabuni ya Krismasi hupasa kufanywa. Basi wenye nyumba ya mabati na wakinge. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la paa, na maji yatakayofuata yachujwe kwa kitambaa.

VIPIMO

Vipimo vya sabuni ni kwa mizani, si kwa kikombe wala kwa kukisia. Kila aina ya mafuta huhitaji kadiri yake ya soda: mafuta ya nazi hutaka nyingi zaidi kuliko shahamu. Mtu akibadili mafuta bila kubadili soda, amebadili sabuni kuwa sumu ya ngozi, au kuwa donge la mafuta. Kwa kilo moja ya mafuta, vipimo hivi ni vya kutegemewa:

Shahamu ya ng'ombe iliyosafishwa, gramu 700.
Mafuta ya nazi, gramu 300.
Kostiki soda safi, gramu 145.
Maji ya mvua, gramu 320.

Katika kipimo hiki soda imepunguzwa kidogo kwa makusudi, ili mafuta machache yabaki bila kugeuka na kuilinda ngozi. Uji utakaopatikana watosha kumimina vipande kama 14, kila kimoja cha gramu 100, navyo vitapungua uzito kidogo vikikauka.

KAZI YENYEWE

Pima maji katika chombo kirefu. Nyunyiza soda polepole ndani ya maji huku ukikoroga, ukigeuza uso pembeni usivute mvuke wake. Maji yatapata moto mkali peke yake bila jiko, usishangae. Yaache yapoe mpaka chombo kiwe na uvuguvugu, yaani kama digrii 40.

Wakati huo yeyusha shahamu na mafuta ya nazi juu ya moto mdogo, uyaache nayo yapoe mpaka joto lake likaribiane na lile la maji ya soda. Katika joto la Voi mafuta ya nazi hukaa maji karibu mwaka mzima. Lakini katika baridi ya Wundanyi huganda kama siagi, na mfanyaji wa huko sharti ayaangalie yasigande upya kabla ya kuchanganywa.

Sasa mimina maji ya soda katika mafuta, kidogo kidogo, ukikoroga bila kukoma. Mchanganyiko utakuwa mweupe, kisha utaanza kuwa mzito. Kwa mwiko, kazi hii yaweza kuchukua hata saa nzima au zaidi, nayo ni kazi ya subira. Ni heri watu wawili wapokezane. Alama ya kuwa tayari ni hii: ukiinua mwiko na kuachia tone juu ya uji, tone halizami mara moja, bali huacha mchirizi unaoonekana. Hapo ndipo pa kutia manukato, na upesi kumimina katika kalibu.

KALIBU ZA KILA NAMNA

Kalibu si lazima inunuliwe. Kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi ya nailoni hutoa mche mmoja mrefu wa kukatwa vipande. Pakiti tupu za maziwa hufaa vilevile, na huchanwa tu sabuni ikishika. Vikombe vya plastiki laini hutoa sabuni za mviringo. Bomba la mwanzi lililopasuliwa katikati, likafungwa tena kwa kamba na kutandikwa nailoni, hutoa sabuni ya duara nzuri sana. Wenye kupenda mambo ya kupendeza waweza kumimina katika vifuu vya nazi vilivyokwanguliwa na kupakwa mafuta. Hutoka sabuni yenye umbo la nusu ya mpira, ambayo watoto hupigania. Tena dodoki kavu likikatwa visahani na kuwekwa ndani ya kalibu kabla ya kumimina, sabuni na kisuguo chake huwa kitu kimoja. Kalibu za bati la alumini zisitumiwe, kwa sababu ileile ya sufuria.

Baada ya kumimina, funika kalibu kwa kibao na gunia au blanketi kuukuu, uiache kwa siku moja au mbili. Milimani ifunikwe vizuri zaidi. Ikishika, itolewe na kukatwa, mfanyaji akiwa bado amevaa glavu, kwa kuwa ukali haujaisha wote.

HARUFU NA RANGI

Kwa harufu, mafuta ya mchaichai hupendwa na wengi. Karafuu na mdalasini zina harufu nzuri, lakini huwasha ngozi zikizidi, kwa hiyo zitiwe kidogo sana, na katika sabuni ya watoto wachanga zisitiwe kabisa. Manjano ya unga hutoa rangi ya dhahabu. Majani ya mwarobaini, mti ulioenea sana Voi, hukaushwa na kusagwa, yakatoa rangi ya kijani na harufu ya dawa; lakini mtu asimwambie mwenziwe kwamba sabuni hiyo itamponya maradhi. Asali kijiko kimoja huongeza povu.

Kuhusu mshubiri, mtu atumie ule alioupanda uani kwake. Mshubiri wa porini unalindwa na sheria, wala haukatwi kwa biashara pasipo kibali, maana uvunaji wa ovyo ungeweza kuumaliza.

KUNGOJA

Sabuni iliyotolewa kalibuni jana si zawadi bado. Yapasa ipangwe juu ya kichanja kivulini, penye upepo, vipande visigusane, na ikae kwa muda wa wiki nne hadi sita, ikigeuzwa mara kwa mara. Katika muda huo maji hukauka, sabuni huwa ngumu na pole. Kwa hiyo atakaye sabuni ya tarehe 25 Desemba akiwa na wiki sita kamili, na aimimine kabla ya tarehe 13 Novemba. Atakaye sabuni ya Idi ya baada ya Ramadhani, aifanye katikati ya Shaaban. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka huonekana juu ya ngozi ya mtu mwingine.

Kabla ya kufunga, kila kipande kikaguliwe. Vumbi jeupe jepesi juu yake halina madhara. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini kipande chenye chembe nyeupe ngumu ndani, au vifuko vya maji vinavyotoka kikikatwa, kina soda isiyogeuka. Hicho hakipewi mtu.

KUFUNGA ZAWADI

Hapa Taita ina utajiri wake. Mkonge hulimwa katika mashamba makubwa ya kaunti hii, na akina mama wa Kitaita ni mafundi wa kusuka vikapu vya katani. Kipande cha sabuni kilichofungwa kwa ganda kavu la mgomba na kamba ya katani hakihitaji karatasi ya dukani. Vipande vitatu katika kikapu kidogo ni zawadi ya kumpa mkwe bila kuona haya. Ndani yake iwekwe karatasi yenye majina ya mafuta na manukato yaliyotumika, pamoja na tarehe ya kumiminwa.

Wako waliogeuza kazi hii kuwa riziki. Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, wanawake wa Paje huusaga mwani na kuutia katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi na manukato ya viungo, na wageni huzinunua kupeleka makwao kuwa zawadi. Hakuna sababu ya watu wa Voi, mji upitwao na wageni wengi waendao mbuga ya Tsavo, kutofanya vivyo hivyo. Lakini atakaye kuuza ajue kwamba kumpa ndugu ni jambo moja na kuweka dukani ni jambo jingine. Bidhaa ya dukani hupasa kutimiza kanuni za shirika la KEBS linalosimamia ubora wa bidhaa. Yafaa kikundi kijifunze kwanza kwa mwaka mmoja au miwili ya zawadi, mpaka kila mmimino utoke sawa na uliotangulia, ndipo kifikirie soko.

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sabuni ya kalibu haitaki utajiri. Yataka mizani iliyo sawa, mkono usio na haraka, na kostiki soda iliyofungiwa mahali ambapo mtoto hafiki. Mwenye hayo matatu na aanze kuyakinga maji ya vuli.